Alale Wapi Mtoto wa Mbwa?

Shangazi yangu wa Nyamiaga, kule Ngara, hapigi simu ovyo. Akipiga, kuna msiba, kuna mwaliko au kuna kazi. Safari hii ilikuwa kazi: nimtafutie mtoto wa mbwa. Katika miezi michache zizi lake lilikuwa limepungukiwa mbuzi wawili. Mmoja alikutwa asubuhi ameliwa chini ya migomba. Wa pili aliibwa usiku, kamba yake ikabaki mtini. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu jibwa jeupe, kubwa kama ndama, limelala katikati ya kondoo huku mtoto mdogo amelilalia mgongoni. "Mwanangu," akaniambia, "nitafutie kama huyo. Awe wa mbuzi, na awe wa hawa watoto." Nikaitikia. Kabla hatujaagana akauliza jambo moja: "Sasa akija, alale wapi?"

Nilidhani anauliza habari za banda. Baada ya kusoma na kuulizia kwa wiki kadhaa, naamini lile ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kila jamii iliyofuga mbwa wa kulinda mifugo imelijibu kwa namna yake, na jibu hilo ndilo lililomfanya mbwa wao awe vile alivyo. Habari za mbegu hufuata nyuma.

Jibwa lile jeupe ni la milima ya Pyrenees, inayogawa Ufaransa na Hispania. Wafaransa humwita patou. Ana ndugu wengi katika nchi za wachungaji: Maremma wa Italia, Kuvasz na Komondor wa Hungaria, mbwa wa milima ya Tibet, na yule wa Uturuki anayeitwa kwa jina la wilaya yake, Kangal, katika mkoa wa Sivas, ambaye dume lake hupita kilo 50. Hawa hawaswagi mifugo kama wafanyavyo mbwa wa wachungaji wa Uskoti. Kazi yao ni kukaa na kundi mchana na usiku, kunusa upepo, kubweka mapema, na kusimama kati ya kondoo na kinachokuja.

Warumi walikwisha kuandika habari zao miaka 2,000 iliyopita. Columella, mwandishi wa mambo ya kilimo wa karne ya 1, alishauri mbwa wa mchungaji awe mweupe, ili katika giza la alfajiri mchungaji asimpige akidhani ni mbwa mwitu. Mbwa wa kulinda nyumba alimtaka awe mweusi, mwizi amwogope mchana na asimwone usiku. Tangu enzi hizo, basi, mbwa walikuwa wawili: mmoja wa zizi, mmoja wa mlango. Hakuna aliyetarajia mmoja afanye kazi zote mbili, achilia mbali kubebana na watoto.

Varro, aliyemtangulia Columella, ana kisa kinachonigusa zaidi. Bwana mmoja alinunua makundi ya kondoo huko Umbria, mbwa wakiwamo katika bei, wachungaji wakiwa hawamo. Wachungaji waliwafikisha wanyama katika malisho mapya kusini mwa Italia, kisha wakarudi kwao. Baada ya siku chache mbwa wale nao wakaondoka wenyewe, wakatembea siku nyingi mpaka Umbria, wakawakuta watu wao. Mnunuzi alikuwa amelipa na mbwa walikuwa na mbegu njema, lakini mapenzi yao yalikuwa yamebaki kule walikolelewa. Nilimsimulia shangazi kisa hicho kwa simu. Akasema, "Hata mke akiolewa mbali bila kupokewa, hurudi kwao." Sikuwa na la kuongeza.

Namna mapenzi hayo yanavyopandwa ilielezwa vizuri na Charles Darwin, aliyepita katika mashamba ya Uruguay mwishoni mwa mwaka 1833. Alistaajabu kukuta kundi kubwa la kondoo maili kadhaa kutoka nyumba yoyote, likilindwa na mbwa mmoja au wawili bila mtu. Akaulizia. Akaambiwa kwamba mtoto wa mbwa hutengwa na mama yake akiwa mdogo sana, hupelekwa kwa kondoo jike kunyonya mara tatu au nne kwa siku, na hutandikiwa sufu ndani ya zizi awe analala humo. Haruhusiwi kucheza na mbwa wengine wala na watoto wa nyumba. Akikua, hana hamu ya kuliacha kundi. Darwin aliona pia kwamba mbwa huyo akija nyumbani kuchukua nyama yake, mbwa wa nyumbani humfukuza, naye hukimbia kwa woga. Akishafika kwa kondoo wake hugeuka na kubweka, na wale waliomfukuza hutimua mbio. Ujasiri wake wote umo katika kundi.

Kwa hiyo jibu la Uruguay kwa shangazi lingekuwa kali: alale zizini juu ya sufu, na watoto wasimguse.

Sayansi ya karne ya 20 ilieleza kwa nini njia hiyo hufanya kazi. John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba maisha ya mtoto wa mbwa yana msimu wake wa kupanda. Tangu wiki ya 3 hivi hadi wiki ya 12, yuko tayari kumkubali yeyote aliye karibu naye kuwa jamaa yake: mbwa, mtu, kondoo, kuku. Msimu ukipita, udongo hukauka. Kinachopandwa baadaye huota kwa shida.

Elimu hiyo ilipata kazi baada ya mwaka 1972, Marekani ilipozuia sumu zilizokuwa zikitumika kuua wanyama wanaokula mifugo katika ardhi ya serikali kuu. Wafugaji wa kondoo wakahitaji njia nyingine. Raymond na Lorna Coppinger, wa chuo cha Hampshire huko Massachusetts, wakaanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuleta watoto wa mbwa kutoka Italia, Yugoslavia na Uturuki, na kuwagawa kwa wafugaji ili kuwafuatilia. Walihitimisha kwamba mlinzi mwema ana sifa tatu kwa mpangilio huu: hadhuru mifugo, haachani nayo, na huitetea. Mbwa mkali asiye na sifa mbili za kwanza ni hasara. Anaweza kumla mwanambuzi, au kumfukuza fisi hadi kijiji cha pili na kuwaacha mbuzi peke yao.

Wakati huohuo watafiti waliwakuta Wanavajo, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani, wakilindiwa kondoo na mbuzi wao na mbwa wa mchanganyiko wasio na ukoo wa kutajwa. Watoto wa mbwa waliwekwa katika zizi wakiwa wadogo, wakala na kulala humo, wakakaripiwa walipofukuza mifugo, wakatoka nayo malishoni. Walilinda. Na huko Warrnambool, Australia, kuanzia mwaka 2006 mbwa wa Maremma waliwalinda pengwini wa kisiwa kidogo dhidi ya mbweha. Mbwa aliyezoezwa kumwona pengwini kuwa wake humlinda pengwini.

Niseme sasa habari za wale wanaomtaka mbwa huyu awe wa nyumbani tu, wasio na kondoo wala mbuzi, maana ni wengi, na huko Dar es Salaam na Nairobi nako wapo wanaomtamani. Mbwa wa Pyrenees aliandikishwa na klabu ya mbwa ya Marekani mwaka 1933, na tangu hapo ameingia katika nyumba nyingi za mijini. Akiwa na wiki nane ni bonge la pamba. Baada ya mwaka mmoja na nusu ana kilo 45 au zaidi, na tabia za kale zimeamka. Hubweka usiku kucha, kwa sababu kubweka usiku ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Hupita ua, kwa sababu wazee wake hawakuwahi kuwekewa ua. Ukimwita, husimama akapima kwanza, kwa sababu walizoea kuamua wenyewe mlimani, mchungaji akiwa mbali. Majirani hulalamika, mwenye nyumba huchoka, na mbwa huishia katika makazi ya mbwa waliokataliwa. Hana kosa. Alipewa mahali pa kulala penye joto, hakupewa cha kulinda.

Hata hivyo wapo wanaofanikiwa, na siri yao iko wazi: watoto wa nyumba hiyo ndio waliokuwa kundi lake tangu udogoni. Upande wa pili nao una funzo. Mbwa mwitu walipoonekana tena katika Alpi za Ufaransa mwaka 1992, wachungaji waliwarudisha patou milimani, na wapanda milima wakaanza kulalamika kutishwa na kuumwa. Mbwa aliyekulia kwa kondoo tu humwona mgeni kuwa adui. Mwenye kumtenga na watu kabisa hupata mlinzi wa kondoo, lakini njia ipitayo karibu na kondoo hao huwa na hatari.

Afrika nayo ina majibu yake. Namibia, kuanzia mwaka 1994, mfuko wa uhifadhi wa duma ulioanzishwa na Laurie Marker umekuwa ukizalisha mbwa wa Anatolia, wale wa ukoo wa Kangal, na kuwapa wafugaji ili waache kuwapiga risasi duma. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2005, asilimia 73 ya wafugaji walisema hasara ya mifugo yao ilipungua sana. Katika miaka ya 2010 mbwa wa namna hiyo waliletwa hata Tanzania, kwa wafugaji wa vijiji vya pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha, ambako simba, chui na fisi ni majirani wa kila usiku.

Nilipofika hapo nilikaribia kumwambia shangazi avute subira tumwagizie Mturuki. Kisha nikasoma ya Botswana. Wahifadhi wa duma wa huko, waliojua vyema kazi ya Namibia, waliwalinganisha mbwa wa kigeni na mbwa wa kienyeji wa Watswana, wale wembamba wenye mkia uliojikunja wanaopatikana kila kijiji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mbwa wa Kitswana walifaa zaidi: walikuwa rahisi kuwapata na kuwalisha, walistahimili joto na maradhi, na walilinda. Sharti lilikuwa lilelile la Uruguay na la Wanavajo, kwamba mtoto wa mbwa aingizwe kwa mbuzi mapema. Nchini Kenya, uchunguzi wa Laikipia uliochapishwa mwaka 2003 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba maboma yenye mbwa na pilikapilika za watu hushambuliwa kidogo kuliko yasiyo nayo. Mbwa hao walikuwa wa kienyeji.

Tunao mbwa hao Ngara. Tatizo ni kwamba hatuwaoni. Kihangaza chetu humwita mbwa imbwa, kama Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha zote hizo, na katika Kiswahili, jina hilo ukimwambia mtu umemtukana. Tukimsifu mbwa tunamwita wa kizungu. Wa kwetu ni mbwa koko, au mbwa shenzi. Neno hilohilo ndilo linalosikika ndani ya jina la basenji, mbwa wa Kongo wasiobweka, wawindaji waliofungwa kengele za mti shingoni. Wazungu waliwapeleka Uingereza miaka ya 1930, na leo ni mbegu yenye vyeti duniani. Kilichobadilika ni macho ya waliomtazama.

Utotoni mwangu mbwa wa kwetu alilala jikoni, kwenye majivu ya mafiga. Hakuna aliyemchagulia mahali hapo. Alipaona pana joto akajilaza. Asubuhi alipigwa teke ili mama awashe moto. Alikula makombo ya ugali wa muhogo na maji ya kuoshea sufuria. Hakuchanjwa. Lakini tulipotoka na mbuzi, alitoka nasi. Mvua iliponyesha tulijibanza naye chini ya mti mmoja. Usiku alibweka, na baba alitambua kwa sauti yake kama ni mpita njia au ni fisi. Alikuwa mbwa wa mbuzi na wa watoto, kama anavyotaka shangazi, na sisi hatukulijua hilo. Yule wa ng'ambo alipewa nyumba akanyimwa kazi, na huyu wetu alipewa kazi akanyimwa nyumba.

Kuna sababu nyingine, nzito, ya watu wa pande zetu kumwogopa mbwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco. Nyuma yao, Rwanda, mbwa waliachwa bila wenyewe katikati ya maiti, wakawala. Wanajeshi waliwapiga risasi mbwa hao mji kwa mji, na kwa muda mrefu Rwanda ikawa nchi ya mbwa wachache. Aliyeyaona yale hawezi kulaumiwa akiona mbwa na kugeuza uso. Nakumbusha tu kwamba mbwa wale walikuwa wamepotelewa na kila kitu walichokuwa wakikilinda. Damu ile ilimwagwa na watu.

Pwani jibu ni tofauti, na si la chuki kama wengi wanavyodhani. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi pwani yetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini hadithi za Mtume zinazokataza kufuga mbwa humtenga na katazo hilo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Mwenye kazi ana nafasi yake. Na katika Sura ya Pango, inayosimulia vijana waliolala miaka 309, mbwa wao yumo, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wakristo wa Rulenge na Murgwanza, huko kwetu Ngara, nao wana wao: Ayubu anataja mbwa wa kundi lake, na katika kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, mbwa anafuatana na kijana Tobia safarini.

Kizingiti kile kilinikaa moyoni. Mbwa wa pango hakuwa ndani na wale vijana, na hakuwa nje na dunia. Alikuwa mahali ambapo zote mbili hukutana.

Nikarudi kwenye swali la shangazi nikiwa na jibu. Ukali wa Uruguay ulitokana na kondoo kulishwa maili nyingi kutoka nyumbani, bila mtu. Mbwa aliyependa watoto angekimbilia nyumbani na kuwaacha. Nyamiaga si hivyo. Zizi liko hatua kumi kutoka mlango wa jiko, mbuzi hutoka na watoto, hurudi na watoto. Mbwa hahitaji kuchagua, kwa kuwa jamaa zake wote wanakwenda njia moja. Kinachotakiwa ni kuwakuta wote katika ule msimu wa wiki chache, na awakute kwa utulivu.

Kwa hiyo sikuagiza. Nilimwomba shangazi aulizie kwa majirani mbwa jike aliyezaa, ambaye yeye mwenyewe amewahi kumwona akipita katikati ya mbuzi bila kuwafukuza na katikati ya watoto bila kuwabwekea. Amchukue mtoto wake akiwa na wiki nane, asiyejificha akiguswa na asiye wa kwanza kuuma wenzake. Amjengee kibanda kinachogusa ua wa mbuzi, mlango wake ukitazama jiko. Majuma ya kwanza mbwa awe na mbuzi wazima wapole, na mbuzi mwenye mtoto mchanga asiwe karibu, maana anaweza kumpiga pembe akamtia woga wa maisha. Watoto wamlishe, wasimbebe huku na huko wala kumfundisha kukimbiza. Akimkimbiza mwanambuzi, akaripiwe palepale. Na shangazi awe na uvumilivu: mbwa wa kazi hii hukomaa akikaribia miaka miwili.

Nilimwongezea la mwisho, ambalo kwetu tumezoea kuliacha. Mbwa apate dawa ya minyoo, na akifika miezi mitatu apelekwe kwa afisa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani waliambukizwa na mbwa, na mbwa wa kijiji wakichanjwa asilimia 70 ugonjwa hukosa pa kupita. Wanaoumwa zaidi ni watoto, haohao tunaotaka walindwe. Porini nako kuna wanaotutegemea. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliingia Serengeti yakaua simba wapatao 1,000, theluthi ya waliokuwako. Mashariki yetu, upande wa Biharamulo, tuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Mbwa asiyechanjwa anayezurura hadi huko hajui mpaka.

Wiki iliyopita shangazi alipiga simu. Amempata, jike, rangi ya kahawia, mweupe kifuani, kwa jirani wa kilima cha pili. Amelipa kuku mmoja. Nikamuuliza usiku wa kwanza ulikuwaje. Akasema alilia sana, mpaka mbuzi mmoja mzee akaja kulala upande wake wa ua, wakagusana migongo kati ya fito, akanyamaza. Asubuhi mjukuu alimkuta amehamia mlangoni mwa kibanda, kichwa nje, akiutazama moshi wa jiko.

"Amejichagulia mwenyewe pa kulala," shangazi akasema. "Sasa tumpe jina."